Barua ya wazi kwa viongozi wa Lamu: nakshi zetu ziandikwe nyumbani kabla hazijaandikwa na wengine kwenye blokucheni

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi, pamoja na wasimamizi wa idara ya utamaduni ya kaunti. Nakala kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya na kwa Makavazi ya Taifa ya Kenya.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa,

Mimi ni mchoraji. Nilizaliwa Langoni, nikakulia katika karakana ya mjomba wangu ambaye ni fundi wa nakshi, na kazi inayonilisha leo ni kuzichora nakshi zile zile kwa kompyuta na kuwauzia watu walio mbali. Ninawaandikia kwa sababu biashara ya kuuza sanaa ya kidijitali kupitia blokucheni, lile daftari la kompyuta nyingi nitakalolieleza hapa chini, imenipa riziki na pia imeniumiza, na kwa sababu naamini liko jambo moja ambalo sheria imeiachia kaunti ilifanye, ambalo likifanywa litatufaa sisi tuliomo katika biashara hii na hata mafundi ambao hawajawahi kuisikia.

Nianze na mlango. Miaka kadhaa iliyopita mjomba alichonga mlango wa mbambakofi kwa ajili ya nyumba moja ya Mkomani. Kwenye mfaa, ule ubao wa katikati, alipanga mawaridi kutoka chini hadi juu, na alipofika kwenye waridi la tatu patasi iliteleza ikamega ncha ya petali. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia taa. Mjomba aliiweka nyundo chini, akakitazama kile kidonda muda mrefu bila kusema neno, kisha akaanza kukizungushia patasi ndogo mpaka petali iliyomegeka ikawa jani dogo linalochungulia ubavuni mwa ua. Mawaridi yote ya mlango ule yana petali tano, isipokuwa la tatu, ambalo lina petali nne na jani.

Mwaka 2022, nikiwa napitia soko moja la sanaa mtandaoni, nililiona waridi lile, na jani lake. Mtu nisiyemjua alikuwa ameupiga mlango picha, akaisafisha picha hiyo kwa programu, akaikata vipande na kukiuza kila kipande kama tokeni ya kipekee, yaani zile ziitwazo NFT. Palipotakiwa jina la msanii aliyeibuni kazi, alikuwa ameandika lake. Jina la Lamu lilikuwemo kwenye maelezo kwa herufi kubwa, kwa kuwa ndilo lililokuwa likiuza. Jina la mjomba halikuwemo, wala la fundi mwingine yeyote.

Tulipeleka malalamiko. Wenye soko wakatuuliza tuna hati gani ya kuthibitisha kwamba kazi ni yetu, nasi tulichokuwa nacho ni kigezo: karatasi ya mfuko wa saruji iliyokunjwa mara nne, yenye mchoro wa penseli, vipimo vilivyoandikwa pembeni kwa herufi za Kiarabu, na doa la mafuta ya taa. Tuliipiga picha tukaituma. Baada ya wiki kadhaa zile picha ziliondolewa dukani. Tokeni zenyewe, hata hivyo, hazikuondoka, kwa maana blokucheni imetengenezwa hivyo: kilichoandikwa humo hakifutiki. Mpaka leo atakayelifungua daftari lile na kuuliza ni nani aliyeibuni nakshi ile atajibiwa jina la mpiga picha.

Naomba mniruhusu nilieleze jambo lenyewe kwa ufupi, kwa sababu mara nyingi linaelezwa na watu wanaotaka kuliuza. Blokucheni ni daftari la hesabu ambalo nakala zake huhifadhiwa na kompyuta nyingi zilizotawanyika duniani, zikikubaliana juu ya kila mstari unaoongezwa, kiasi kwamba hakuna mmoja anayeweza kurudi nyuma akaubadilisha mstari wa jana bila wengine kumkatalia. Tokeni ya kipekee ni mstari ndani ya daftari hilo unaosema kwamba namba fulani inamilikiwa na pochi fulani ya kidijitali. Picha kwa kawaida haimo ndani ya daftari, maana kuihifadhi humo ni ghali mno. Kinachowekwa ni anwani ya mahali picha ilipo. Na anayenunua tokeni hanunui hakimiliki ya picha isipokuwa msanii amekubali hivyo kwa maneno ya wazi. Kwa hiyo kinachouzwa hasa ni stakabadhi, na thamani ya stakabadhi hutegemea uaminifu wa aliyeiandika.

Kanuni ya kiufundi inayotumiwa zaidi kwa tokeni hizi iliwekwa kwenye mtandao wa Ethereum, mojawapo ya blokucheni kubwa, mwaka 2018, lakini dunia ilizinduka tarehe 11 Machi 2021, pale nyumba ya mnada ya Christie's ilipouza picha ya msanii wa Marekani ajulikanaye kama Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69. Mwaka huo huo Eliud Kipchoge naye aliuza kumbukumbu za mbio zake kwa njia hiyo, na hapo ndipo vijana wengi wa Kenya, nikiwemo mimi, walipoanza kuuliza maswali.

Sitaki mtu yeyote asome barua hii akadhani naikataa njia hii. Oktoba 2021 niliuza mchoro wangu wa kwanza, ambao niliutoa kwenye mishono ya kofia ya viua aliyokuwa akiishona mama, nikalipwa tez 25, sarafu ya Tezos, blokucheni nyingine, ambayo wakati huo ilizidi dola 6 kwa moja, hivyo zaidi ya shilingi 16,000 kwa kazi ya siku tisa. Aliyenunua sijawahi kumwona. Hakukuwa na dalali, hakukuwa na duka la pwani la kuniambia niache kazi yangu kwao mpaka msimu wa wageni, wala hakukuwa na nauli ya kwenda Nairobi kubisha kwenye milango ya wenye majumba ya sanaa. Wiki tatu baadaye niliamka alfajiri nikakuta tez 10 kwenye pochi. Mnunuzi alikuwa ameiuza kazi ile kwa 100, na mkataba ulioandikwa ndani ya tokeni ulikuwa umenikatia asilimia 10 wenyewe, bila mimi kudai, bila hata kujua. Niliposimulia, mjomba aliniuliza mara mbili kama nimeelewa vizuri. Katika umri wake wote, na milango yake imekwisha kuuzwa na kuuzwa tena pamoja na nyumba za Mji Mkongwe kwa fedha nyingi, hajawahi kupewa hata shilingi moja baada ya ile ya kwanza.

Jambo hilo la mrabaha unaojilipa ndilo lililonifanya niipende njia hii, na bado naamini ni wazo zuri kuliko yote yaliyomo ndani yake. Basi mnaweza kuona nilivyojisikia wakati masoko makubwa yalipoanza kuling'oa. Masoko mapya yalikuwa yakigombania wateja kwa kuwapunguzia gharama, na gharama iliyokuwa rahisi kupunguza ni haki ya msanii. Agosti 2023 OpenSea, soko lililokuwa kubwa kuliko yote kwa miaka kadhaa, lilitangaza kwamba malipo hayo kwa msanii yatakuwa hiari ya muuzaji. Ikadhihirika kwamba mrabaha haukuwa umefungwa ndani ya daftari kama tulivyoambiwa. Ulikuwa adabu ya soko, na soko lilipoamua kuiacha hakuna mahakama iliyokuwa na la kusema.

Kuna jambo la pili ambalo hupendi kulikuta umelisahau, nalo ni mahali picha inapokaa. Novemba 2021 mwanzilishi wa Hic et Nunc, soko la Tezos lililokuwa limependwa na wasanii wa nchi zisizo na fedha nyingi kwa sababu ada zake zilikuwa ndogo, alilifunga ghafla. Kazi hazikupotea, kwa kuwa picha zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mfumo wa pamoja ambao haumilikiwi na duka moja, na katika muda mfupi wasanii na wataalamu wakafungua milango mingine ya kuzifikia. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, kampuni ya FTX, soko la kubadilishia sarafu za kidijitali, ilifilisika, na watu walionunua tokeni zilizotolewa huko wakaja kukuta anwani zao hazionyeshi tena picha, kwa kuwa picha zilikuwa kwenye kompyuta za kampuni ile ile. Stakabadhi ilibaki salama, mali ikawa haionekani. Kijana wa Lamu anayeambiwa kwamba kazi yake "itakuwa kwenye blokucheni milele" hana budi kuuliza ni kipi hasa kitakachodumu.

Kuhusu bei zenyewe sitasema mengi, kwa sababu hilo mmekwisha kulisikia. Sarafu ya Ethereum ilipita dola 4,800 Novemba 2021 na Juni 2022 ikashuka chini ya dola 1,000. Tez nilizozihifadhi nikingoja zipande zilikuwa zimeanguka chini ya dola 2 kufikia wakati huo huo. Ada za kuandikisha kazi kwenye Ethereum ziliweza kupita dola 50 siku za msongamano, fedha ambayo fundi wa Siyu au Matondoni hawezi kuitoa kwa kubahatisha. Pochi hufunguliwa kwa maneno 12 au zaidi ya siri, na anayeyapoteza au kurubuniwa akayataja hana benki ya kulilia. Ninamjua kijana wa hapa hapa mjini aliyemwamini "mnunuzi" aliyemtumia kiungo, na kwa dakika chache akapoteza mauzo ya mwaka mzima. Shutuma moja, hata hivyo, nataka niiondoe kwa haki: wale wanaosema kwamba kila tokeni inateketeza umeme wa kijiji kizima wanazungumzia mambo ya zamani. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha namna ya kuhakiki daftari lake, na matumizi yake ya umeme yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99.

Sasa nirudi kwenye mlango, kwa sababu ndio ulionifanya nishike kalamu.

Wanaoisifu blokucheni husema kwamba inathibitisha asili ya kazi. Nimeifanyia kazi miaka kadhaa na nasema kwamba haithibitishi asili hata kidogo. Inathibitisha ni nani aliyewahi kuandika. Kompyuta zile elfu nyingi zinaweza kukubaliana kwa uhakika kabisa kwamba tokeni fulani ilitolewa na pochi fulani saa fulani, lakini hakuna hata moja kati yake iliyowahi kusimama Mkomani ikaona patasi ikiteleza. Ukiwahi kuliandikia daftari hilo ukweli, litautunza ukweli. Ukiwahi kuliandikia uongo, litautunza uongo kwa uaminifu ule ule. OpenSea wenyewe walikiri Januari 2022 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vitu vilivyotengenezwa kwa chombo chao cha kuandikisha bila malipo vilikuwa kazi zilizonakiliwa, mikusanyo ya bandia na takataka. Hivyo sisi wa Lamu, ambao mali yetu imo mitaani na kila mgeni ana simu yenye kamera, tuko kwenye mashindano ya kuwahi ambayo hatukuambiwa kwamba yameanza.

Mtasema hakimiliki ipo. Ipo, na ninaishukuru. Lakini naomba muitazame jinsi inavyokutana na mji huu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ina ruhusa inayomwezesha mtu kunakili na kusambaza nakala za kazi ya sanaa iliyowekwa mahali inapoonekana na umma. Ruhusa hiyo ina busara yake, kwani bila hiyo hata picha ya familia mbele ya Ngome ingekuwa kosa. Ila mlango wa Lamu hutazama barabarani. Ndiyo kazi yake, kumwambia mpita njia ni nyumba ya nani. Kwa hiyo sanaa iliyo kubwa kuliko zote za mji wetu ndiyo iliyo wazi zaidi kwa mchukuaji. Na nakshi nyingi si za fundi mmoja hata hivyo. Mjomba hupanga mawaridi yake mwenyewe, lakini ile minyororo ya pembeni aliipokea kwa baba yake, na mafundi wa Siyu wana mikato yao ambayo mjomba akiona tu anajua imetoka kisiwa gani. Hakimiliki humtafuta mwandishi mmoja mwenye tarehe ya kufa. Minyororo ile haina mwandishi wa namna hiyo.

Ndiyo maana Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016. Sheria hiyo inazitambua kazi za kijadi, michoro na nakshi zikiwemo, kuwa mali ya jamii iliyozirithi. Inamtaka anayetaka kuzitumia kibiashara kupata kwanza ridhaa ya jamii hiyo. Na inaupa uongozi wa kaunti jukumu la kuwa na daftari la maarifa na semi hizo zilizomo ndani ya mipaka yake, huku Bodi ya Hakimiliki ikitunza hazina ya taifa. Ombi langu kuu, Waheshimiwa, ni kwamba daftari hilo lipewe uhai kamili hapa Lamu, lianze na nakshi za milango, kofia za viua, ujenzi wa vyombo vya baharini wa Matondoni na michoro ya plasta ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na liandikwe kwa Kiswahili, kwa maneno ya mafundi wenyewe, na kwa kuwafuata waliko karakanani na barazani badala ya kungoja fundi wa miaka sabini apande boti aje ajaze fomu.

Tumekwisha kuona kwamba maandishi yana nguvu. Miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kulisajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara, Wakenya walilipinga ombi hilo kwa hoja na ushahidi, na halikufika popote. Na katika masoko haya ya tokeni, Februari 2023 baraza la mahakama jijini New York lilimwona na makosa ya kukiuka alama za biashara mtu aliyetoa tokeni zenye picha za mikoba iliyoiga mikoba ya kampuni ya Hermès ya Ufaransa, akaamriwa kulipa dola 133,000. Hermès haikushinda kwa kuwa mikoba yake ni mizuri kuliko milango yetu. Ilishinda kwa sababu ilikuwa imeandikisha alama zake, na ilikuwa na mawakili wa kuzipeleka mbele ya hakimu. Mjomba alikuwa na karatasi ya mfuko wa saruji.

Nami simkumbuki Muhamadi Kijumwa bure. Mwana huyu wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati za mkono na fundi wa nakshi kwa pamoja, na aliwaandikia wataalamu wa Ulaya tungo za Kiswahili ambazo nyingi zimo London hadi leo katika maktaba ya chuo cha SOAS. Hati zake tunazitambua zilipo, ijapokuwa zimevuka bahari, kwa sababu zinajulikana kwa jina lake. Milango ya wenzake ambao hawakuandikwa popote imeng'olewa, ikasafirishwa, na sasa imo kwenye kumbi za watu ambao wanachojua ni kwamba ni "mlango wa Kiswahili". Tofauti kati ya hayo mawili ni jina lililoandikwa wakati mwenyewe yu hai. Mafundi wetu wengi wako hai sasa.

Daftari la kaunti likiwepo, blokucheni itageuka kuwa chombo chetu. Kila ukurasa wa daftari, picha ya nakshi pamoja na maelezo yake, unaweza kutolewa alama yake ya hesabu, mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu ambao hubadilika kabisa endapo hata nukta moja ya ukurasa itaguswa, na alama hiyo peke yake ikaandikwa kwenye blokucheni kwa gharama ndogo. Picha na siri za ufundi zinabaki nyumbani chini ya ulinzi wa wenyewe. Kinachotoka ni ushahidi kwamba tarehe fulani Lamu ilikuwa tayari imeliandika waridi hili. Mwaka 2022 laiti tungekuwa na ukurasa kama huo, tusingepeleka doa la mafuta ya taa. Lakini nasisitiza mpangilio: nyumbani kwanza, kwa ridhaa ya wenyewe, ndipo mtandaoni. Mpangilio huo ukigeuzwa tutakuwa tumewafanyia mafundi wetu kile kile alichowafanyia yule mpiga picha.

Nasema hivyo kwa sababu nina hofu ya wazi. Mji huu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na jina lake lina soko. Siku yoyote anaweza kuja mtu na kompyuta yake na maneno matamu, akapendekeza kwamba milango yote, au siwa zetu, yale mabaragumu ya kale, au Maulidi yetu, vigeuzwe tokeni na mapato yagawanywe. Nawasihi pendekezo la namna hiyo lisipitishwe kwa saini ya afisa mmoja, hata awe mwema namna gani. Liletwe barazani, lisomwe kwa Kiswahili, mafundi na wazee wa mitaa waulize, na iwepo nafasi ya kweli ya kusema hapana. Yako mambo ambayo si ya kuuzwa kwa sarafu yoyote, na wanaojua ni yapi ni wenyewe.

Kwa vijana, ambao kaunti na wafadhili wanawafundisha ujuzi wa kompyuta, ningependa mafunzo ya sanaa ya kidijitali yasiishie kwenye kuchora. Afundishwe kijana kutofautisha kuuza tokeni na kuuza hakimiliki; kusoma masharti ya soko kuhusu mrabaha; kuyaandika maneno yake ya siri kwenye karatasi na kuyaficha mbali na simu; kubadilisha mapato kuwa shilingi mapema ikiwa ni fedha ya kula, badala ya kuyaweka mpaka yayeyuke kama yangu. Awepo pia mtu mmoja katika ofisi ya utamaduni anayeweza kumsaidia fundi kuandikisha kazi yake mwenyewe kwenye mfumo wa mtandaoni wa Bodi ya Hakimiliki, maana ingawa hakimiliki haingoji usajili, cheti hicho ndicho wenye masoko wanachokiuliza. Gharama yake si kubwa. Mtu huyo angeweza kukaa Mkunguni siku mbili kwa wiki na kwenda Siyu na Faza mara moja kwa mwezi.

Yapo yaliyo juu ya uwezo wa kaunti, na hayo nawaomba mtusemee Nairobi. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yalimpa msanii asilimia 5 ya bei pale kazi yake inapouzwa tena na wafanyabiashara wa sanaa. Ni haki njema, na kwa kuwa masoko ya tokeni yameugeuza mrabaha kuwa hiari, ni vyema Bodi ya Hakimiliki ieleze waziwazi kwamba haki hiyo inaihusu pia kazi ya kidijitali inayouzwa tena kibiashara na Mkenya. Kuhusu kodi, Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoza asilimia 3 ya thamani yote ya mali ya kidijitali kila inapohamishwa, tokeni hizi zikiwa zimetajwa humo, faida iwepo isiwepo. Sheria ya Fedha ya 2025 ikaiondoa na kuweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Hayo ni nafuu kwetu. Sasa ipo sheria ya kuwasimamia watoa huduma za mali za kidijitali, ambayo Rais aliitia saini Oktoba 2025 na ambayo inaiweka kazi hiyo mikononi mwa Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kanuni zake zinapoandikwa, naomba Seneta wetu na Wabunge wetu wahakikishe kwamba binti wa Shela anayeuza michoro yake kumi kwa mwaka hawekwi kwenye fungu moja na kampuni inayobadilisha mamilioni ya sarafu.

Waheshimiwa, mjomba sasa macho yake yamepungua nguvu na anachonga saa mbili tu asubuhi, wakati jua linaingia karakanani kutoka upande wa bahari. Vigezo vyake amevihifadhi kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Mwezi uliopita tulikaa siku tatu tukavikunjua kimoja kimoja sakafuni, tukaviwekea mawe pembeni visipeperuke, nami nikavipiga picha huku yeye akinieleza nakshi gani aliitoa kwa nani, ipi aliibuni mwenyewe, na mlango wake uko nyumba gani. Maelezo yake nimeyaandika yote kwenye daftari la shule, na kila ukurasa ameutia saini. Picha sijaziweka popote mtandaoni, wala sitaziweka kabla ya daftari la kaunti kuzipokea. Tunaweza kulileta sanduku lile ofisini siku yoyote mtakayotuita, isipokuwa Ijumaa, na mjomba amesema atakuja mwenyewe.

Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum.

Mchoraji wa nakshi,
Langoni, Lamu